Sura ya Tatu: Mishale Mitano

Saxton Pope alikuwa daktari mjini San Francisco, mtu wa miaka 37 hivi, mwenye familia na kazi isiyoisha, alipoanza kujifunza kufuma. Mwalimu wake aliishi jengo la jirani, kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California. Watu walimwita Ishi. Agosti 1911 alikuwa ametokeza peke yake, amekonda kwa njaa, pembezoni mwa mji wa Oroville. Ndiye aliyebaki wa mwisho katika watu wake wa Yahi, ambao walowezi waliwaua na kuwafukuza mpaka wakaisha. Jina lake halisi hakulitaja, maana kwa mila yao mtu hajitaji jina lake mwenyewe. Neno ishi katika lugha yake lilikuwa na maana ya mtu, basi. Sisi wa Kiswahili tukilisoma neno hilo tunasikia jambo jingine, nami kila nikilisoma naona limemfaa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1923, Pope anasimulia kwamba Ishi aliweza kupiga kitu cha ukubwa wa kwale mara kwa mara akiwa umbali wa hatua ishirini, na kwamba alimwona akiua kindi wa ardhini kwa hatua arobaini. Lakini wakimwekea shabaha ya mashindano, yenye upana wa zaidi ya mita moja na miduara ya rangi, kwa hatua hizohizo arobaini, mara nyingine mshale wake ulipita pembeni. Ishi aliwaeleza sababu: shabaha yenu ni kubwa mno, na rangi zake zinalitawanya jicho. Pope alikiri kwamba mwalimu wake amesema kweli.

Sura hii yote inasimama juu ya jibu hilo. Anayeanza uta hudhani atapimwa kwa umbali wa mshale wake na ugumu wa uta wake. Sivyo. Uta ni silaha ya karibu. Ufundi wake ni kuyafupisha masafa kwa miguu, kulifanya lengo liwe dogo kwa macho, na kuuzuia mshale usio na hakika. Nguvu za mkono na bei ya chombo hufuata nyuma ya hayo matatu, tena mbali.

Sheria kabla ya uta

Kenya ilifunga uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na hadi leo mwindaji wa michezo hana ruhusa huko. Tanzania, wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Anayetaka kuwinda huomba leseni, akafuata masharti yake ya mnyama, mahali na muda. Ndani ya hifadhi za taifa hakuna kuwinda kabisa. Wala si kila silaha huruhusiwa kila mahali, kwa hiyo nenda ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe, uliza habari ya uta, upate jibu la maandishi. Mshale uliofumwa bila ruhusa ni ujangili, hata ukifumwa kwa ustadi wa namna gani.

Kwa wasomaji wangu wengi, basi, lengo litakuwa robota la nyasi maisha yao yote. Msilidharau. Mwaka 2016, kwenye ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, aliyeibeba bendera ya Kenya, nchi ya wakimbiaji, alikuwa mfumaji, Shehzana Anwar. Katika michezo hiyo mfumaji husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, na duara la pointi kumi lina upana wa sentimita 12.2, kama mdomo wa bakuli dogo la uji. Atakayefuata njia hiyo na atakayefuata njia ya porini wataachana mbele ya safari, lakini mwanzo wao ni mmoja.

Kuuchagua uta

Uta wangu wa kwanza ulikuwa na uzito wa ratili 55. Niuite uzito kwa kufuata desturi, ingawa maana yake ni nguvu inayohitajika kuuvuta mpaka mwisho. Niliununua kwa sababu niliweza kuuvuta. Sikujua kwamba kuuvuta uta na kuumiliki ni mambo mawili. Kila mshale niliufyatua mapema ili nipumzike, mkono ulitetemeka, na baada ya miezi mitatu bega la kulia liliuma hata nikiinua ndoo. Ilinibidi nirudi kwenye uta wa ratili 25 na kuanza upya, na makosa niliyoyazoea kwenye ule wa kwanza yalinichukua mwaka mzima kuyaondoa.

Kwa hiyo chukua ushauri huu kama ulivyo: mtu mzima aanze na ratili 20 hadi 25, mwenye mwili mkakamavu asizidi 30. Kipimo ni hiki. Vuta mpaka mwisho, shikilia, hesabu kumi polepole. Mkono ukianza kutetemeka kabla ya kumi, uta huo bado si wako. Ukiweza kufanya hivyo mara kumi na mbili mfululizo bila kukunja uso, ongeza ratili tano. Baadhi ya majimbo ya Marekani humtaka mwindaji wa kulungu awe na uta wa angalau ratili 40. Ukienda kwa utaratibu huu, utafika huko katika mwaka mmoja au miwili bega likiwa zima.

Urefu wa mvuto wako ni rahisi kuupata. Simama, nyoosha mikono pande zote mbili, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu mpaka ncha ya kile cha mkono ule. Gawa kwa mbili na nusu. Mwenye sentimita 175 atavuta takriban sentimita 70, na mshale wake uzidi hapo kwa sentimita chache ili ncha isije ikaingia ndani ya mkono unaoshika uta.

Pima na jicho. Unganisha viganja mbele yako ukiacha tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho moja, halafu la pili. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo linaloongoza. Kama ni la kulia, vuta upote kwa mkono wa kulia. Kama ni la kushoto, vuta kwa kushoto, hata kama unaandika kwa kulia. Wiki ya kwanza utaona ugumu, baadaye utashukuru.

Mshale nao una tabia yake, na wengi hupoteza miezi kwa kutoijua. Upote ukiachiwa, mshale hauendi umenyooka kama msumari. Unasukumwa kutoka nyuma ghafla, wano, yaani ufito wake, linapinda, linauzunguka uta kwa ubavu, kisha linapinda upande wa pili, na huendelea hivyo kama samaki anayeogelea mpaka manyoya ya nyuma yautulize. Wano likiwa gumu kupita nguvu ya uta, mishale ya mtu anayevuta kwa mkono wa kulia itakwenda kushoto. Likiwa laini mno, itakwenda kulia. Ukiona mishale yako yote inajikusanya pamoja lakini pembeni ya lengo, usianze kujilaumu wala kubadili mkao. Badili mishale.

Nunua pia kinga ya mkono wa ndani na kinga ya ngozi ya vidole. Na tangu siku ya kwanza shika makatazo haya: usiufyatue upote bila mshale, maana nguvu iliyokosa mshale wa kuibeba hurudi kwenye uta na kuupasua, usifume mshale wenye ufa, usielekeze mshale juu hewani, na asiwepo mtu yeyote mbele yako wala nyuma ya shabaha. Mkiwa wengi, nyote wekeni nyuta chini kabla hata mmoja hajakwenda kuchomoa mishale.

Mwili unajifunza polepole

Simama ubavu ukielekea lengo, miguu kwa upana wa mabega, uzito umegawanyika sawa. Pachika mshale kwenye upote, mahali palepale kila mara. Wengi hufunga uzi mdogo juu ya upote uwe alama. Kidole kimoja juu ya mshale, viwili chini. Inua uta, kisha vuta, lakini usivute kwa mkono. Vuta kwa mgongo: sikia bapa la bega likisogea kuelekea uti. Mkono umeshika tu, kama ndoano.

Kisha fika kituoni. Kituo ni pahali usoni ambapo mkono unaovuta hutua kila mara, na kwa mwanafunzi pazuri zaidi ni pembe ya mdomo, iguswe na ncha ya kidole cha shahada. Bunduki ina kitazamio cha nyuma na cha mbele. Kwenye uta wa kienyeji kitazamio cha nyuma ni uso wako. Kituo kikihama upana wa kidole kimoja, hata ukilenga vizuri namna gani, mshale utafika kwingine.

Hapo tazama. Usitazame robota; tazama unyasi mmoja. Hili ndilo somo la Ishi, nalo huonekana jepesi mpaka ujaribu. Jicho hupenda kutembea, linarukia ncha ya mshale, linarudi kwenye lengo, linapima upepo. Lirudishe kwenye unyasi uleule. Likitulia, legeza vidole tu, wala usivifungue kwa nguvu. Upote utajiondokea wenyewe. Mkono ulioshika uta ubaki ulipo mpaka usikie mshale umegota.

Kwa majuma mawili ya kwanza fuma kutoka mita tatu tu, kwenye robota lisilo na alama yoyote, macho yakiwa yamefumbwa. Watu huona aibu kufanya hivi, hasa majirani wakipita. Lakini lengo likiwapo, akili yote hukimbilia huko na mwili hubaki bila msimamizi. Ukiliondoa, utasikia kwa mara ya kwanza mgongo unavyofanya kazi, vidole vinavyong'ang'ania, na pumzi inavyokatika.

Kuna ugonjwa unaowapata hata mabingwa: kiwewe cha shabaha. Mtu huvuta, na pale tu ncha inapogusa lengo vidole hufunguka vyenyewe kabla hajaamua. Dawa yake haina mkato. Vuta, fika kituoni, lenga barabara, kisha rudisha upote taratibu bila kufyatua. Fanya hivyo mara nyingi mpaka mwili uamini kwamba kulenga hakumlazimishi mtu kufuma. Nitalirudia hili mwishoni mwa sura, maana faida yake haiishii kwenye ugonjwa huo.

Unampiga nani huko mbali?

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nafanya mazoezi nje ya kijiji, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Nilikuwa nimepima hatua sitini na nilijivunia mishale miwili iliyogusa robota. Mzee mmoja, ambaye ujanani aliishi kwa kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori kwa uta, alisimama akanitazama kimya.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unampiga nani huko mbali?”

Nikamwambia najizoeza ili hata mnyama akiwa mbali nisimkose.

“Akiwa mbali,” akasema, “si wako bado.”

Akaenda zake. Jioni ile nilichukua karatasi nikapiga hesabu, na hesabu ikamtetea mzee. Nawe uione.

Mshale wa uta wa kienyeji huruka kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde. Lengo likiwa mita 20, mshale utakuwa njiani kwa sekunde 0.4, na katika muda huo mvuto wa dunia utakuwa umeushusha karibu sentimita 80. Lengo likiwa mita 40, muda ni sekunde 0.8, lakini mshale utakuwa umeshuka zaidi ya mita tatu. Masafa yameongezeka mara mbili, mshuko umeongezeka mara nne. Mfumaji aliyezoea huufidia mshuko huo bila kufikiri, kwa kuinua mkono kidogo. Tatizo ni kwamba porini hakuna aliyepima masafa kwa kamba. Unakadiria kwa macho, na kukosea sehemu moja ya kumi ni jambo la kawaida hata kwa mzoefu.

Sasa tuseme umekadiria 20 na kumbe ni 22. Mshale utapiga chini ya ulipolenga kwa sentimita 9 hivi. Kwa swala wa wastani, eneo la moyo na mapafu lina upana wa takriban sentimita 20; ukilenga katikati, bado umo ndani. Tuseme umekadiria 40 na kumbe ni 44, kosa lilelile la sehemu moja ya kumi. Mshale utapiga chini kwa sentimita 35. Huo umevunja mguu, na mnyama amekwenda nao.

Ongeza sauti. Upote ukiachiwa hulia, na sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa mita 20 humfikia mnyama baada ya sekunde 0.06, naye amebakiwa na theluthi ya sekunde kabla ya mshale kufika. Kwa mita 40 amebakiwa na theluthi mbili. Mnyama aliyeshtuka hujikunyata kwanza ili apate nguvu ya kuruka, na theluthi mbili za sekunde zinamtosha kabisa kuondoka pale ulipolenga. Hapo hata aliyelenga sawasawa ameshamkosa, au amemjeruhi pasipo pake.

Ndiyo maana nakwambia: masafa yako ni yale ambayo mishale mitano inakaa yote ndani ya sahani ya chai, siku ya upepo, baada ya kupanda kilima, ukiwa na hofu moyoni. Kwa wengi wetu hayo hayazidi hatua ishirini. Si haya kuyataja. Yaliyobaki yafanywe na miguu.

Walimu wa Eyasi na Tsavo

Wahadza wanaishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watu elfu moja na mia chache, na baadhi yao mpaka leo hula kwa uta, asali na mizizi. Mvulana wa Kihadza hupata uta wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu au minne, naye hushinda akifuma matunda, panya na ndege wadogo. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu hana siku ya kuanza shule ya uta, kwa sababu hakuna siku anayoikumbuka bila uta. Akikua atavuta uta wa wastani wa ratili 70, wenye upote wa kano za mnyama, na mishale aliyoivisha manyoya ya kanga au ya tai. Vigumba vya chuma huvitengeneza kwa misumari, akiigonga baridi mpaka ikubali.

Ungedhani basi kwamba wawindaji wao bora ni vijana, walio katika upeo wa nguvu. Watafiti walioishi nao waliona mara nyingi mambo yako kinyume: wanaoleta nyama nyingi ni watu wazima, wa miaka thelathini na arobaini, ambao nguvu zao zimeanza kupungua. Kijana anaweza kushindana nao kwenye shabaha. Lakini hajajua bado swala atageukia wapi, upepo wa saa kumi unavyopinda karibu na jabali, wala jinsi ya kukaa usiku kucha kwenye maficho ya majani kando ya maji wakati wa kiangazi, bila kukohoa, akimsubiri mnyama mwenyewe aje. Kukaa huko nako ni kusogea, ila anayetembea ni mnyama.

Upande wa pili wa mpaka, katika nyika ya Tsavo nchini Kenya, wawindaji wa kabila la Wata walikuwa na nyuta ndefu zilizovutwa kwa zaidi ya ratili 100, nao walizielekeza kwa tembo. Nguvu hiyo yote hawakuitumia kufuma mbali. Walimnyemelea tembo kwa hatua chache, upepo ukiwapiga usoni, wakafuma penye ngozi laini, sumu ya msunguti ikamaliza kazi. Wataalamu wa mimea huuita mti huo Acokanthera, na kemikali yake, uabaini, huushika moyo. Jina lenyewe limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale, na madaktari waliwahi kuitumia kama dawa ya moyo. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, na hasa msako dhidi ya ujangili wa miaka ya 1950 ulipopamba moto, wengi wa mafundi hao waliishia gerezani. Tembo walihitaji ulinzi, sina ubishi juu ya hilo. Lakini inaniuma kwamba elimu ile ya kunyata, kusoma nyayo na kusubiri haikuandikwa na waliokuwa nayo, na wengi wao wamekwenda nayo kaburini.

Sumu si njia yako wala yangu. Sheria haiiruhusu na mkono usioijua hujiua wenyewe. Nimeitaja kwa ajili ya kilichofuata baada ya mshale. Mhadza akishamchoma mnyama mkubwa hamkimbilii. Hutazama ameelekea wapi, mara nyingi hurudi kambini kuita wenzake, kisha baada ya saa kadhaa hufuata nyayo. Anajua kwamba mnyama asiyefukuzwa hulala karibu.

Baada ya mshale

Jambo hili ni la kila mwindaji wa uta, mwenye sumu na asiye nayo. Risasi huangusha kwa kishindo. Mshale huua kwa kukata na kuvujisha damu. Ukipita kwenye mapafu yote mawili, mnyama hukimbia kidogo akaanguka. Ukipita kwingine, anaweza kuteseka siku nzima. Pope mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1925 alikuja Tanganyika pamoja na mwenzake Arthur Young kuwinda simba kwa uta, na nyuma yao alisimama mtu mwenye bunduki, kwa kuwa simba aliyechomwa mshale bado ana muda wa kumfikia aliyemfuma.

Kwa hiyo ukishafuma, usiondoke ulipo. Weka akilini mahali aliposimama mnyama, na kichaka cha mwisho ulikomwona. Tulia nusu saa hadi saa nzima. Kisha nenda pole mpaka kwenye damu ya kwanza uisome. Damu nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini, subiri zaidi. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, mshale umepita tumboni, na ukimfuata sasa utamfukuza akafie asikoonekana. Subiri saa nyingi, kisha umfuate mpaka umpate, hata kama ni kesho. Mnyama uliyemchoma ni deni lako.

Ishi aliliheshimu deni hilo hata kabla ya kulikopa. Siku ya kuamkia mawindo hakula samaki wala hakuvuta tumbaku, na alfajiri alioga mtoni ili mwili usiwe na harufu. Mwezi Mei 1914 aliwarudisha Pope na wenzake kwenye bonde la Deer Creek, nchi yake ya zamani, akawaonyesha jinsi ya kuwa mwindaji tangu usiku wa jana.

Zoezi la mishale mitano

Sasa uanze. Usifume mishale mia mbili Jumamosi kisha ukakaa hadi Jumamosi nyingine. Fuma kila siku, kidogo, ukiwa na akili yote.

Majuma mawili ya kwanza, mita tatu, macho yamefumbwa, mishale mitano mara sita, na mapumziko katikati. Majuma manne yanayofuata, mita nane, bandika kipande cha karatasi kidogo kama kifuniko cha chupa. Kisha mita kumi na mbili, kumi na tano, na mwisho ishirini. Usisogee nyuma mpaka mitano yote iingie ndani ya sahani ya chai siku tatu mfululizo. Ikikataa, rudi mbele. Ukishafika ishirini, acha kusimama mahali palepale: piga magoti, simama kwenye mteremko, fuma ukiwa umetoka kupanda kilima, kadiria masafa kwa macho kabla ya kuyapima kwa hatua, na uandike ulikosea kwa kiasi gani.

Kila asubuhi anza na mshale mmoja kabla ya kupasha mwili, maana porini hutapewa mshale wa kujaribia. Na katika kila mishale mitano, mmoja usiufume. Uvute, ufike kituoni, uulenge barabara kama ile minne, kisha uurudishe. Siku ambayo mnyama atageuka ubavu nusunusu, au tawi litakatiza mbele ya bega lake, au moyo utakwambia ni ishirini na mbili wala si ishirini, huo mshale wa tano ndio utakaojua la kufanya.

Ishi alifariki tarehe 25 Machi 1916 kwa kifua kikuu. Rafiki zake walimwekea kwenye jeneza vitu ambavyo mtu wa Yahi angevihitaji safarini: unga wa matunda ya mwaloni, tumbaku, shanga, na uta wake mmoja. Pamoja na uta huo waliweka mishale mitano. Nafikiria safari ndefu kiasi hicho, na podo jepesi kiasi hicho, na naona waliomjua hawakumpunja. Mtu aliyezoea kusogea hahitaji zaidi.